Si kupaka rangi: msamiati wa uso wa bunduki kuukuu

Msomaji atanisamehe nikianza makala ya leo kwa kosa langu mwenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita, mzee mmoja mkulima wa upande wa Njoro alinijia nyumbani Nakuru akiwa na karatasi tatu za Kiingereza. Tunajuana tangu nilipomfundisha mwanawe. Ana bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, hiyo ambayo mashambani inaitwa shotigani tu, aliyoinunua kwa mlowezi aliyekuwa akifunga virago baada ya Uhuru. Ana cheti chake na hulipa ada bila kukosa. Tangu serikali ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, kazi ya bunduki hiyo imekuwa kutisha nyani na nguruwe mwitu wasimalize mahindi. Ilikuwa imeota kutu. Karatasi zile zilieleza jinsi ya kurudisha sura ya chuma cha bunduki kuukuu ukiwa nyumbani.

"Mwalimu, nitafsirie hii," akasema. "Kiingereza chenyewe ni cha watu wa viwandani."

Niliifanya kazi hiyo kwa jioni moja, tena kwa kujiamini. Palipoandikwa *polish* niliandika "sugua mpaka ing'ae". Palipoandikwa *bluing* niliandika "ipake rangi ya buluu". Sikumuuliza mtu. Mzee naye akafanya hasa nilivyoandika. Aliazima grainda ya mjukuu wake anayechomelea milango ya vyuma, akaitia diski ya msasa, akasugua mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Kisha akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akanunua mkebe wa rangi ya buluu ya mafuta, akaipaka.

Alipopeleka bunduki ikaguliwe ili cheti kihuishwe, afisa hakuweza kuisoma nambari. Sehemu yake ilikuwa imeliwa na diski na sehemu imezibwa na rangi. Bunduki ikazuiliwa mpaka ithibitishwe kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti. Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nilifanya ulivyoandika."

Kauli hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye kamusi, na baadaye kwa mafundi.

Tuanze na kitenzi *paka*. Katika Kiswahili, ukipaka kitu unaleta kitu cha pili kutoka nje na kukilaza juu ya cha kwanza: paka mafuta, paka wanja, paka matope ukutani, paka rangi. Vitu hivyo viwili vinabaki viwili. Mafuta yanaweza kupanguswa, matope yanaweza kubanduka. Hapa kwetu Kenya tunasema pia *piga rangi*, lakini maana ni ileile, nyumba imevishwa kitu ambacho si nyumba.

Sasa weusi unaouona kwenye mtutu wa bunduki iliyotunzwa vizuri si kitu kilicholetwa kutoka nje. Ni chuma chenyewe kilichogeuka. Ajabu zaidi, ni jamaa wa kutu.

Kutu tunayoijua, ile nyekundu ya mabati ya zamani, hutokea chuma kinapokutana na oksijeni na unyevu. Imejaa vitundu na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo huinuka, hupasuka na kudondoka, ikiacha chuma kipya wazi kuliwa tena. Lakini kuna oksidi nyingine ya chuma, nyeusi, ambayo wanakemia huiita magnetaiti. Hii hulala bapa juu ya chuma na kukishika, na ikinyweshwa mafuta hupunguza kasi ya ile nyekundu. Kazi yote ya kurudisha uso wa bunduki ni kuhakikisha kwamba nyeusi ndiyo inayotawala.

Kiswahili kimeichunguza kutu kwa makini kuliko tunavyodhani. Tazama vitenzi vinavyoandamana nayo:

Chuma *kimeota* kutu.
Chuma *kimeshika* kutu.
Chuma *kimeliwa* na kutu.

Katika sentensi ya kwanza kutu ni kama mmea au ndevu, inatoka ndani. Katika ya pili inanata kama ugonjwa au tabia. Katika ya tatu ni mnyama anayetafuna. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kutu *imepakwa*. Wasemaji wetu walijua tangu zamani kwamba kutu haitoki nje pekee. Mimi, mwalimu wa lugha, ndiye niliyesahau.

Mtu asiniambie kwamba Kiswahili hakina maneno ya bunduki ndipo nikakosea. Kina mengi, na yamezeeka vizuri. *Bunduki* lenyewe limetoka kwenye Kiarabu *bunduqiyya*. *Kasiba*, yaani mtutu, ni Kiarabu cha tete au bomba. *Risasi* ni Kiarabu cha madini ya risasi, na maana zote mbili tunazo mpaka leo. *Mzinga* ni wetu kabisa. Gogo lililochimbwa ndani ambalo Waogiek wa msitu wa Mau hutundika mtini ili nyuki waingie ni mzinga, na bomba kubwa la kurushia makombora nalo likaitwa mzinga kwa kufanana umbo. Watu wa pwani walikuwa na *bunduki ya mrao*, iliyowashwa kwa utambi; *bunduki ya gumegume*, iliyowashwa kwa jiwe la kiberiti; na *bunduki ya fataki*, ambayo fataki yake ilikuwa kijikofia chenye baruti. Leo fataki ni za sherehe, na gumegume utalisikia zaidi mtu akimtukana mwanamume asiyefaa kitu. Fimbo ya kushindilia baruti iliitwa *mdeki*. Lugha iliyojitungia jina la fimbo ya kushindilia haiwezi kushindwa na rangi ya mtutu.

Kilichonipotosha ni jina la Kiingereza, ambalo limetokana na buluu. Nilifikiri buluu ni buluu. Lakini angalia lugha nyingine zinavyokiita kitendo hichohicho. Wajerumani husema *brünieren*, kutia kahawia. Wafaransa wana *bronzage*, kutia sura ya shaba iliyochanganywa na bati. Wahispania husema *pavonado*, neno linalotokana na jina la tausi, kwa sababu chuma hicho kikipigwa na jua humeta kama manyoya ya shingo yake. Warusi husema *voronenie*, kutoka kwa jina la ndege jamii ya kunguru aliye mweusi tititi. Buluu, kahawia, shaba, tausi, kunguru! Chuma ni kilekile na utando ni uleule wa giza. Kila taifa limetazama kwa jicho lake, na jina limebeba jicho hilo. Anayetafsiri jina la rangi anatafsiri jicho la mwingine na kuliacha tendo lenyewe.

Isitoshe, Kiswahili hakikugawa rangi kama Kiingereza. Vivumishi vyetu halisi vya rangi, vinavyochukua viambishi, ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Mengine tuliyaazima au tukayatoa kwenye vitu: rangi ya kahawa, ya majani, ya samawati. Chuma chenye giza lililochanganyika na ubuluu, mtu wa kwetu atasema ni *cheusi*, na hatakuwa amekosea.

Nilipofika hapo nikaona kamusi hazitanifikisha mbali. Nikaenda kwa mhunzi mmoja wa jua kali hapa mjini Nakuru, anayefua visu, majembe na patasi. Sikumpelekea bunduki, na wala msomaji asifanye hivyo. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, mwenye silaha lazima awe na cheti, na anayefanya biashara ya kuzikarabati lazima awe amesajiliwa. Nilimpelekea kisu.

Aliking'arisha kwanza kwa tupa na msasa. (Msasa, kwa wasiojua, ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo mafundi seremala waliyatumia kabla ya karatasi za dukani. Jina la mti limehamia kwenye karatasi.) Kisha akakiweka karibu na makaa. Nikaona rangi zikitembea juu ya chuma: kwanza manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, kisha buluu safi ya kupendeza. "Hapo ndipo hiyo buluu yako iko," akasema. "Lakini ukichelewa, imeenda."

Kwa hiyo buluu ipo kweli. Chuma cha pua kikifika karibu nyuzi 300 za selisiasi, utando mwembamba sana wa oksidi hujitanda juu yake, na mwanga unaporudi kutoka juu na chini ya utando huo hutokeza buluu, kama rangi za mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Saa za zamani na skrubu za bunduki za fahari zilitiwa buluu kwa njia hiyo. Hakuna rangi hata tone.

Mhunzi akaendelea kupasha kisu, akakichovya kwenye mkebe wa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Kikatoka cheusi. Nilimuuliza hiyo inaitwaje. "Kuchoma na oili," akajibu, kana kwamba nimeuliza jina la ugali. Ni msamiati mzuri kwa jembe. Kwa bunduki ni hatari, kwa sababu joto la makaa linaweza kulegeza ugumu wa chuma ambacho kiwanda kilikipa makusudi, na chuma hicho ndicho kinachozuia mlipuko usiupasue uso wa mpigaji.

Aliyenifungua macho zaidi ni askari mstaafu anayeishi upande wa Lanet, aliyewahi kufanya kazi katika ghala la silaha. Nilimsomea tafsiri yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, hiyo si rangi," akasema. "Hiyo ni kutu imefunzwa adabu."

Akanieleza njia ya kale, iliyotumika hasa kwa bunduki za mitutu miwili. Chuma kinasafishwa mpaka hakina chembe ya mafuta, hata ya kidole. Kinapakwa dawa yenye asidi kidogo (hapa *paka* ni sahihi, maana dawa inatoka nje), kisha kinaachwa mahali penye unyevu kwa saa kadhaa kiote kutu nyekundu laini. Halafu kinatumbukizwa katika maji safi yanayochemka. Mle ndani ya maji, mbele ya macho yako, wekundu unageuka weusi. Unakitoa, unakisugua polepole kwa brashi ya waya laini ili vumbi lililolegea litoke na ule utando ulioshika ubaki. Unarudia mara tano, sita, hata zaidi. Mwisho unaua asidi iliyobaki kwa maji ya magadi, unaosha, unakausha, unatia mafuta.

"Unarudia mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka ikolee."

Nilitamani kumkumbatia. *Kolea*! Hili ni neno la mpishi na la mtia nguo rangi. Chumvi imekolea, moto umekolea, rangi ya kitambaa imekolea, yaani imeingia ikawa sehemu ya kitu na kufikia kiwango chake. Kinyume chake ni *kuchujuka*. Na kitenzi cha kusababisha tayari tunacho, *koleza*: koleza moto, koleza rangi. Kukoleza hufanywa kidogokidogo, kwa kurudiarudia, ukionja au ukitazama. Ndivyo hasa kazi hii ilivyo.

Napendekeza basi tuseme *kukoleza weusi* kwa tendo hilo, na *utando mweusi* kwa matokeo yake. Utando ni neno la kawaida la kitu chembamba kilichotanda, kama utando wa buibui au utando juu ya uji unaopoa. Haliahidi rangi ya mkebe. Mwenzangu mmoja wa kazi alinishauri nitumie *kusawijisha*, kwa kuwa lina mwangwi wa weusi wa Kiarabu. Nilikataa. Mtu aliyesawijika amepoteza sura kwa maradhi au huzuni, na sisi tunataka bunduki irudishiwe sura. Mwingine alitaka tufuate Warusi, tumtumie kunguru. Kunguru wetu wa Nakuru ana shati jeupe kifuani!

Kuna pahali ambapo ningekubali *paka rangi* bila ubishi. Yule mstaafu alinikumbusha zile bunduki za .303 ambazo watu wa Baringo na Laikipia wanaziita Mark 4, zilizokuwa mikononi mwa polisi wa akiba kwa miaka mingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walizitia nyingi kati ya hizo ukoko wa fosfeti, kisha wakazipaka rangi nyeusi ya kiwandani iliyokaushwa kwa joto. Hiyo ni rangi kweli, ina haki ya kitenzi chake. Ule ukoko wa fosfeti nao kwa Kiingereza umepewa jina la kampuni ya Parker ya Marekani iliyoueneza, na mafundi wengine husema *kupakaraizi*. Msikilizaji anasikia *paka* mle ndani na kudhani ni kupaka tu. Basi tunarudi kulekule.

Bado kuna *sugua mpaka ing'ae*, na hili ndilo lililomgharimu mzee. Kitenzi *sugua* hakisemi unasugua kwa nini wala unaishia wapi. Unasugua sakafu, unasugua mgongo, unasugua sufuria. Kiswahili kina *katua*, neno ambalo kamusi za zamani zinalitaja na vijana wengi hawajalisikia: kusafisha na kung'arisha chombo cha madini kwa kukisugua. (Maana yake nyingine ni kufyeka magugu shambani, na sidhani mkulima wa Njoro angechanganyikiwa.) Anayekatua anajali uso wa kitu. Kando yake tuna *paruza*, *kwangua* na *chubua*, ambazo zote huondoa sehemu ya uso. Grainda haikatui. Grainda inachubua.

Na juu ya uso wa bunduki kuna maandishi. Mbali na nambari, mitutu iliyotengenezwa Birmingham hugongwa alama za nyumba ya majaribio ya mji huo, iliyoanza kazi mwaka 1813, kuonyesha kwamba ilijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida na haikupasuka. Ukizichubua alama hizo umefuta ushahidi, na pengine umepunguza unene wa chuma uliojaribiwa. Ndiyo maana nchi za eneo letu, zilipotia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogondogo mwaka 2004, zilitia mkazo kwenye alama: silaha isiyosomeka haina mwenyewe.

Kulikuwa na sentensi nyingine katika karatasi zile ambayo, kwa bahati, mzee hakuifikia. Ilihusu njia ya viwandani, ya kutumbukiza chuma katika maji ya sodiamu haidroksaidi na nitrati yaliyopashwa mpaka karibu nyuzi 140. Nilikuwa nimeitafsiri "chemsha katika magadi makali". Kwanza, magadi ni sodiamu kaboneti, kitu tunachotia kwenye maharagwe na mboga, na sodiamu haidroksaidi hula nyama ya mkono na kupofusha macho. Pili, *chemsha* kwa mtu wa kawaida ni kiwango cha chai, na hapa Nakuru, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tatu, mitutu miwili ya bunduki kama ile hushikanishwa kwa lehemu ya bati na risasi, na dawa hiyo ya moto huila lehemu. Mitutu ingeachana. Risasi ya hatari katika bunduki hiyo ingekuwa ile isiyotoka mtutuni kamwe.

Nimeandika upya zile karatasi. Sehemu ya kusafisha sasa inasema: "Katua kwa mkono, kwa mafuta na sufu laini ya chuma. Usiguse palipoandikwa nambari na alama." Sehemu ya buluu inasema: "Kukoleza weusi ni kazi ya fundi wa silaha aliyesajiliwa. Mwambie mitutu ni miwili na imeshikanishwa kwa lehemu." Ya magadi nimeifuta.

Nilimpelekea mzee wiki mbili zilizopita. Bunduki bado haijarudi, ingawa ameambiwa kwamba tarakimu za mwisho zimesomeka kwa kioo cha kukuzia na zinalingana na za cheti. Alizisoma karatasi zote taratibu, kidole chini ya kila mstari, akasimama kwenye neno *katua*.

"Hili nalijua," akasema. "Nililisikia kwa mpishi mmoja wa Mombasa, shambani kwa yule mzungu. Alikatua vijiko kila Jumamosi." Akanirudishia kalamu yangu. "Hapa kwa mafuta, hujaandika ni mafuta gani. Andika, nisije nikatia ya kupikia."

Nikaandika: mafuta mepesi ya mashine.